Diski ya Nje na Kioo cha Pili cha Laptopu: Ununue Nini, Ukague Nini

Alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Siku kama ile, mtu mwenye laptopu na diski yake ya akiba juu ya meza moja hupoteza vyote viwili kwa pigo moja.

Matetemeko makubwa ni nadra. Yanayotupata mara kwa mara ni mengine: umeme unaokatika katikati ya kazi, radi za ukanda wa Ziwa Victoria, mvua inayopenya mkobani ukiwa juu ya bodaboda, flashi iliyorudi na virusi kutoka steshenari, na flashi bandia inayouzwa kwa jina la terabaiti mbili. Karani wa chama cha ushirika wa mazao (AMCOS) anayetunza hesabu za kahawa za wakulima wa Kamachumu, mwalimu wa Nshamba anayejaza alama za mitihani, katibu wa parokia, mpiga picha za harusi wa Bukoba mjini: kila mmoja ana kazi ambayo ikipotea hakuna duka linaloiuza. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua kifaa cha kuhifadhia kazi hiyo nje ya laptopu, na namna ya kuchagua kioo kikubwa cha kuionea, bila kutupa fedha.

Anza na matundu ya laptopu yako

Watu wengi huanza na tangazo la dukani. Anza na laptopu yenyewe. Igeuze ubavu huu na ule, uone ina matundu gani, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua kifaa kipi kitafanya kazi na kwa kasi gani.

Tundu la USB la mstatili ndilo la kawaida. La toleo la 2.0 mara nyingi huwa jeusi au jeupe ndani, la 3.0, lililoanza mwaka 2008, mara nyingi huwa la buluu au lina herufi SS pembeni. Tofauti yake utaiona kwenye saa. Tuseme unahamisha gigabaiti 100 za video. Kupitia USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha megabaiti 35 hivi kwa sekunde, utasubiri kama dakika 48. Diski ngumu ya kawaida kwenye USB 3.0 itamaliza ndani ya robo saa. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, kwenye tundu hilohilo itatumia dakika nne hivi. Kwa hiyo kama laptopu yako ni ya zamani na ina USB 2.0 pekee, usilipie kasi ya SSD ukitarajia kuiona. Labda uinunue kwa sababu nyingine tutakazozitaja.

Tundu la USB-C ni dogo, lenye kingo za mviringo, na kebo yake huingia upande wowote. Hili linahitaji uangalifu, kwa kuwa umbo lake halikuambii linafanya nini. Kuna la kuchaji na kupitisha mafaili tu, na kuna linalopitisha picha pia kwenda kwenye monita. Tafuta pembeni yake alama ya herufi D na P zilizounganishwa, au alama ya radi iliyosimama peke yake. Radi iliyochorwa ndani ya betri inahusu kuchaji tu. Usipoona alama yoyote, soma kitabu cha laptopu au ujaribu kwa kebo hapohapo dukani kabla ya kulipa.

Kwa upande wa picha, tundu la HDMI hubeba picha na sauti pamoja. VGA, lile pana lenye pini 15, ni la tangu mwaka 1987 na hubeba picha tu. Bado utalikuta kwenye projekta nyingi za shule na kumbi za mikutano, kwa hiyo usilidharau.

Ukubwa upi unakutosha?

Pima kazi yako kabla ya kupima diski. Barua, majedwali ya hesabu, mitihani na taarifa za mikutano za miaka mingi huenea kwenye gigabaiti chache. Karani au mwalimu wa namna hiyo ana nafasi ya kutosha kwenye gigabaiti 64, na fedha inayobaki ni bora anunue kifaa cha pili kuliko kuongeza ukubwa wa kimoja.

Mpiga video ana hesabu nyingine. Kamera inayorekodi kwa ubora wa 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Harusi moja yenye sendoff, misa na sherehe ya jioni inaweza kuleta saa nane za picha kutoka kamera moja, yaani gigabaiti 360. Huyu aanzie terabaiti mbili, na azinunue mbili.

Usishtuke diski ya terabaiti moja ikionyesha gigabaiti 931 kwenye Windows. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ndiyo unayoiona.

Flashi, diski ngumu au SSD?

Flashi ni ya kubebea. Ichukue kupeleka kazi kutoka hapa hadi pale. Ni ndogo, hupotea kirahisi, na nyingi za bei ya chini huchoka mapema. Usiifanye makao ya pekee ya kitu chochote cha thamani.

Diski ngumu ya kawaida, iliyoandikwa HDD, ina sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa kinachosoma juu yake bila kuzigusa. Ndiyo inayokupa nafasi kubwa kwa bei ndogo. Adui yake ni mshtuko: ikidondoka au ikitikiswa wakati inazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na mafaili yakapotea. Inafaa ikae ofisini au nyumbani, mezani, ikichomekwa mara moja kwa wiki kupokea nakala.

SSD haina kitu kinachozunguka. Hustahimili mtikisiko, ni nyepesi na ni ya haraka, lakini kwa ukubwa uleule ni ghali zaidi. Anayesafiri na kazi yake kwa bodaboda kwenye barabara za vumbi, au kwa mtumbwi wa injini kwenda Bumbire, Ikuza au Goziba, anunue SSD hata kama laptopu yake haitaipa kasi yote. Jambo moja alikumbuke: SSD na flashi hazifai kufungiwa sanduku kwa miaka bila kuchomekwa, kwa kuwa zikikosa umeme muda mrefu zinaweza kupoteza kumbukumbu. Zichomeke angalau mara moja au mbili kwa mwaka, ufungue mafaili machache kuhakikisha.

Ukichagua diski ngumu, chukua ile ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kupitia kebo yake ya USB. Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta zake za ukutani. Umeme wa TANESCO ukikatika, laptopu hubaki hai kwa betri, lakini diski ya adapta huzimika ghafla huku inaandika, na hapo ndipo mafaili yanapoharibika.

Ipo pia njia ya gharama nafuu. Kama una laptopu iliyokufa, diski yake huenda bado ni nzima. Fundi anaweza kuitoa na kuiweka kwenye kasha dogo lenye kebo ya USB, ukapata diski ya nje kwa bei ya kasha tu. Kwanza mwambie aipime kwa programu kama CrystalDiskInfo, inayoonyesha imetumika saa ngapi na kama ina sehemu zilizoharibika. Yenye dalili mbaya usiipe kazi ya akiba.

Jihadhari na flashi bandia

Bidhaa zinatufikia kutoka Kariakoo, Mwanza na kupitia mpaka wa Mutukula, na katikati yake zimo za kughushi. Flashi bandia hubadilishwa ndani ili iidanganye kompyuta: ina gigabaiti 16, inajitangaza terabaiti mbili. Utaijaza na majina ya mafaili yataonekana yote, lakini yaliyozidi uwezo wake halisi hayatafunguka. Wengi hugundua miezi baadaye, baada ya kufuta picha za asili kwenye simu.

Alama ya kwanza ni bei. Terabaiti mbili kwa bei ya flashi ya kawaida ni uongo. Kipimo cha hakika ni kuijaza yote na kuisoma tena. Programu za bure za H2testw kwa Windows, na F3 kwa Linux na Mac, hufanya kazi hiyo na kukupa jibu wazi. Huna programu? Ijaze kwa video kubwa mpaka igome, kisha uichomoe, uirudishe, na ufungue zile za mwisho kuingia.

Dukani zungumza kwa upole lakini kwa uwazi:

“Shikamoo, mwalimu. Hii flashi ni ya terabaiti mbili, nitakupunguzia.”

“Marahaba, mwanangu, ahsante. Nitaichukua ukinikubalia jambo moja: usiku wa leo naijaza yote, na ikishindwa kubeba nairudisha kesho. Niandikie hilo kwenye risiti.”

Muuzaji anayeiamini bidhaa yake ataandika. Anayekataa amekupa jibu kabla hujatoa hela.

Kabla ya kuitumia

Angalia diski imefomatiwa namna gani. Mfumo wa FAT32 haukubali faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu itagoma hata kama nafasi ipo tele. NTFS ni mzuri kwa Windows, ila kompyuta za Mac huusoma tu bila kuweza kuandika. exFAT hufanya kazi kwenye zote mbili na hubeba mafaili makubwa. Kumbuka kwamba kufomati hufuta kila kitu, na kwamba baadhi ya redio na televisheni za zamani husoma FAT32 peke yake.

Kama diski ina taarifa za watu, ifunge kwa nenosiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Orodha ya wagonjwa, majina ya wanafunzi na namba zao, madeni ya wanachama wa kikundi: vyote vinaingia humo. Windows za daraja la Pro zina BitLocker, na VeraCrypt ni ya bure kwa kompyuta yoyote. Neno la kufungulia liandike kwenye karatasi uliyoiweka mbali na diski, kwa sababu ukilisahau hakuna fundi atakayekufungulia.

Kuhusu steshenari, weka sheria moja na uishike: diski ya akiba haiendi huko kamwe. Kompyuta za kuprintia hupokea flashi za mji mzima, na virusi vinavyoficha mafolda na kuweka njia za mkato (shortcut) badala yake vimewasumbua wengi. Nenda na flashi ndogo yenye faili moja tu la PDF unalotaka kuchapa. Ukirudi, ifomati kabla ya kuweka kingine.

Nakala tatu, majengo mawili

Watunza kumbukumbu duniani hufuata kanuni rahisi: kila kazi ya thamani iwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwetu inawezekana bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza ni ile ya laptopu. Ya pili iko kwenye diski ya nje, kabatini. Ya tatu iko kwenye jengo jingine: kama unafanya kazi Muleba mjini, iache kwa ndugu Bukoba; kama uko ofisi ya chama, iache kwa mweka hazina, ikiwa na nenosiri.

Nyaraka nyepesi zinaweza kwenda mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bure kwa kila akaunti, nafasi inayotosha hesabu na barua za chama kwa miaka. Video ziache kwenye diski, maana bando litakuishia.

Panga siku. Karani wa AMCOS anaweza kuchagua kila Ijumaa jioni wakati wa msimu wa kahawa. Mwalimu, kila baada ya kusahihisha mtihani. Ukimaliza, bonyeza amri ya kuondoa kifaa kwa usalama, subiri taa itulie, kisha uchomoe. Diski isiachwe imechomekwa muda wote, kwa sababu kirusi au radi itakayoifikia laptopu itaifikia na diski.

Diski ngumu ikianza kutoa mlio wa tik-tik, izime mara moja. Usiigonge na usiifungue mwenyewe. Kila dakika inayoendelea kuzunguka huongeza uharibifu.

Kioo cha pili: monita, televisheni au projekta

Anayefanya kazi kwa saa nyingi mezani atanufaika na monita. Ya inchi 22 hadi 24 yenye picha za Full HD, yaani nukta 1,920 kwa 1,080, humtosha karani, mwalimu na mhasibu. Ikiwa ni ya aina ya IPS, rangi hazibadiliki sana ukiitazama kwa pembeni, na mpiga picha asikubali pungufu ya hapo. Iweke umbali wa urefu wa mkono, ukingo wa juu uwe usawa wa macho. Shingo yako itakushukuru.

Monita ya mtumba inaweza kuwa ununuzi mzuri. Iwashe kwa nusu saa, weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa, mistari na madoa ya njano.

Televisheni ya nyumbani inaweza kufanya kazi hiyo kupitia HDMI, ila soma kwanza nukta zake. Nyingi za inchi 32 zina nukta 1,366 kwa 768, na herufi ndogo zitaonekana zimefifia ukikaa karibu. Kwa filamu haina tatizo. Kwa jedwali la alama za wanafunzi 60 itakuchosha macho. Kingo za picha zikikatwa, ingia kwenye mpangilio wa picha wa televisheni, uchague ukubwa unaoonyesha picha nzima bila kuivuta.

Projekta ni ya watu wengi: darasa, kanisa, mafunzo ya wakulima. Kipimo chake ni mwanga, unaohesabiwa kwa lumeni. Kwa darasa lenye madirisha tafuta ANSI lumeni 3,000 au zaidi. Neno ANSI lina uzito, kwa kuwa projekta ndogo za bei ya chini hutangaza lumeni nyingi zisizopimwa kwa kipimo hicho, na mchana zinaonyesha kivuli tu. Uliza pia chanzo cha mwanga: taa ya kawaida hudumu saa elfu chache, nayo hununuliwa upya, za LED na leza hutangazwa kudumu hadi saa 20,000.

Laptopu yenye HDMI ikikutana na projekta ya VGA, nunua kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA. Kina mwelekeo mmoja: cha kutoka VGA kwenda HDMI hakitafanya kazi hiyo. Sauti nayo haitapita, kwa hiyo andaa spika na uichomeke kwenye tundu la sauti.

Baada ya kuunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utapata machaguo manne: kioo cha laptopu tu, picha ileile kwenye vyote, vioo viwili vinavyoendeleana, au kioo cha pili tu. Chaguo la tatu ndilo lenye faida kubwa mezani. Weka karatasi zilizoskaniwa upande mmoja na jedwali unalojaza upande wa pili, na makosa ya kunakili yatapungua.

Umeme wetu na mvua yetu

Kagera ilitegemea kwa miaka mingi umeme uliovuka mpaka kutoka Uganda, na kukatika kwake si habari ngeni. Jua matumizi ya kifaa kabla ya kukinunua. Monita ya inchi 24 hutumia wati 25 hivi, kwa hiyo saa nane za kazi ni wati-saa 200, mzigo ambao sola ya wastani inaumudu. Projekta ya taa hutumia wati 250 au zaidi. Bila jenereta au betri kubwa haitamaliza kipindi. UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, huipa monita muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, pia huikinga na umeme unaopanda na kushuka.

Radi ikianza kunguruma, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa na waya wa antena kama kioo chako ni televisheni. Na kwa mji kama Bukoba, unaopokea karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, diski isafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ikae juu kabatini, isilale sakafuni wala ukutani penye unyevu.

Ukifika dukani

1. Nenda na laptopu yako, na kazi halisi ya kujaribia.
2. Chomeka kifaa, nakili faili kubwa, uone kasi na uwezo.
3. Kwa kioo, jaribu kwa kebo ileile utakayoondoka nayo.
4. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa na namba yake ya utambulisho, na masharti ya kukirudisha yaandikwe.
5. Fungu likiwa dogo, nunua diski ya akiba kwanza. Kioo kinaweza kusubiri mwezi ujao.

Fedha ya diski huonekana nyingi siku ya kununua. Ilinganishe na gharama ya kuwaita wakulima wote waje tena na stakabadhi zao, au kumweleza bibi harusi kwamba picha zake hazipo. Kama una laptopu yenye kazi ya watu na huna nakala yake mahali pengine, usisubiri kununua kitu. Chukua flashi yoyote nzima uliyo nayo, nakili leo yale usiyoweza kuyapata tena, na uikabidhi kwa mtu unayemwamini anayelala nyumba nyingine.